Wanasema Nilijua

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje mji wangu wala kanisa langu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nimezaliwa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikafika Texas mwaka 2019. Watoto wawili wa kwanza nimezaa na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu. Wa tatu nimezaa na huyu wa sasa, ambaye ndiye sababu ya barua hii.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku. Kiwanda cha kuku, laini ya kutoa mifupa, kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka alfajiri. Watoto nilikuwa nawaacha na baba. Usiku mmoja mwezi wa pili mwaka huu, supavaiza akaja kunitoa kwenye laini. Nilitoka mbio mpaka maegesho nikiwa bado nimevaa glavu za chuma. Mtoto wangu wa pili, ana miaka saba, alikuwa amepelekwa hospitali na jirani. Mkono umevunjika mahali pawili. Walipompiga picha wakaona na ubavu uliovunjika siku za nyuma ukajiunga wenyewe. Mume wangu alikamatwa usiku uleule. Mimi walinifuata baada ya siku nne.

Shangazi, mimi sijampiga mtoto wangu. Hata wao hawasemi nimempiga. Kosa langu linaitwa kumdhuru mtoto kwa kutotenda. Wakili alinieleza hivi: ulikuwa na wajibu wa kumlinda, ukajua anaumizwa, ukanyamaza. Na mimi mwenyewe nilikuwa napigwa. Meno mawili ya pembeni huku sina. Hilo nalo wanasema linaonyesha nilijua huyu mtu ni wa namna gani.

Polisi walinihoji muda mrefu, zaidi ya masaa matatu. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Kiswahili chake si kama chetu, na simu ilikatika mara mbili. Niliwaambia nilijua anamchapa, kama wazazi wanavyochapa. Niliwaambia mwezi wa kumi na moja mtoto alilalamika ubavuni, akasema kaanguka kwenye ngazi, nikamkanda kwa maji ya moto siku tatu, akanyamaza. Niliwaambia usiku ule nilimwacha na baba nikaenda kazini. Juzi wakili kanisomea karatasi yao. Eti nilisema nilijua mtoto anapigwa vibaya, nikamtibu ubavu nyumbani, kisha nikamtelekeza.

(Hapa nimeondoa mistari saba ya barua. Nitasema kwa nini. — Shangazi)

Nimetoka kwa dhamana. Watoto wote wako kwa familia ya kulea, nawaona saa moja kwa wiki, keswaka, yule ofisa wa ustawi wa watoto, amekaa pembeni anaandika. Mahakama imenipa wakili, simlipi. Halafu mama mmoja wa nyumba ya hifadhi ya wanawake ameniunganisha na ofisi kubwa ya mawakili huku mjini, na wao wanataka kuingia kwenye kesi yangu, bure pia. Kanisani wanasema nisithubutu. Wakili wa kupewa na serikali anakula sahani moja na mwendesha mashitaka, na hao wa ghorofani wenye suti, mtu afanye kazi mwaka mzima bila senti, anatafuta nini kwangu?

Upande mwingine mashemeji wamechanga dola elfu tisa. Wamepata wakili wa kulipa, atatutetea mimi na mume wangu pamoja ili familia iseme neno moja. Wamenikumbusha na mahari. Nikisimama upande mwingine, watamdai mjomba wangu ambaye bado yuko kambini.

Na mwendesha mashitaka ameleta pendekezo. Nikubali kosa, sifungwi hata siku moja, nikae miaka minane chini ya uangalizi, nikimaliza salama kesi inafutwa bila hukumu. Kila mtu ananiambia chukua. Nimechoka, Shangazi. Niko karibu kusema ndiyo.

Mama wa watatu, Texas

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na ile mistari saba, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Unajua ulichoandika pale. Ukauliza kama ufute kile kilichomo kwenye simu yako. Usifute. Usibadilishe simu, usimwombe mtu wa kambini afute upande wake, usiguse kitu. Texas, kuharibu ushahidi ni kosa la jinai linalojitegemea, lina kifungo chake, na mtu aliyeanza na kesi moja hujikuta na mbili. Zaidi ya hapo, kitu kilekile unachokiona ni kitanzi, wakili mzuri anaweza kukisoma kama kilio cha mtu anayeomba msaada. Sisemi lazima kitakusaidia. Nasema huwezi kuamua wewe, wala mimi, wala mama mchungaji.

Na usiniandikie mimi tena habari za namna hiyo. Mimi si wakili. Nilifanya ukalimani kwenye mahakama za huku miaka mingi, basi. Ulichoniandikia mimi hakina kinga yoyote, ndiyo maana nimeiondoa mistari ile. Nikiitwa na karatasi ya mahakama, nitakitoa. Ulichosema kwenye kundi la maombi ni hivyohivyo. Simu za rumande ndiyo usiseme, zinarekodiwa. Mtu mmoja tu duniani unayeweza kumweleza mistari ile ni wakili wako, na siri hiyo inamfunika hata mkalimani anayekaa katikati yenu ofisini kwake. Nilikaa kwenye kiti hicho. Nimesikia mambo nitakayokufa nayo.

Sasa, wakili wa bure.

Kanisani hawajakudanganya kwa nia mbaya. Kule tulikotoka, anayekulipia ndiye anayekumiliki, na wengi wetu hatujawahi kuona mtu wa serikali akisimama kupingana na serikali. Huku hiyo ndiyo kazi yake. Mwaka 1961 mtu mmoja maskini wa Florida, Clarence Earl Gideon, alishitakiwa kuvunja ukumbi wa kuchezea pool, akaomba wakili, akanyimwa, akafungwa. Akaiandikia Mahakama Kuu ya Marekani kwa penseli, akiwa gerezani. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: asiye na uwezo apewe wakili katika kosa kubwa. Aliposhitakiwa upya akiwa na wakili, baraza la raia, yaani juri, lilimwona hana hatia. Huyo wakili wako wa mahakama anatoka kwenye mti huo. Kaunti inamlipa, ndiyo, lakini mteja ni wewe, na akikusaliti anaweza kupoteza leseni.

Tatizo lake ni jingine. Ana mafaili mengi. Nimewaona wakipekua faili koridoni, dakika tano kabla ya jaji kuingia, wakimuuliza mteja jina lake linatamkwaje. Mtu mwenye moyo wa dhahabu na kesi mia hawezi kusikiliza masaa matatu ya kanda ya polisi iliyo kwa Kiswahili.

Hapo ndipo hao wa ghorofani wanapoingia. Chama cha mawakili wa Marekani kinamtaka kila wakili alenge angalau saa 50 kwa mwaka za kazi bila malipo. Si amri, ni lengo, wengine hawafiki. Lakini ofisi kubwa huwa zinalichukulia kwa uzito, na unauliza wanatafuta nini? Nikwambie bila kupaka mafuta: wanatafuta jina jema, na vijana wao wanatafuta nafasi ya kusimama mbele ya baraza la raia, maana kwenye kesi za makampuni wanaweza kuzeeka bila kusimama. Wengine imewauma tu. Yote matatu chukua. Kwako tofauti ni kwamba wana fedha ya kumlipa daktari wa mifupa atakayesema ubavu wa mtoto unaweza kuvunjika bila mtu wa nje kuona alama, mpelelezi wa kwenda kiwandani na kwa yule jirani, na mtu wa kuisikiliza ile kanda neno kwa neno.

Ila usimwache huyo wa mahakama. Wakili wa mikataba ya mafuta hajui tabia za jaji wa kaunti yenu, huyu anazijua. Waulize hao wapya mbele yake: nani kati yenu amewahi kumaliza kesi ya jinai mbele ya baraza la raia hapa? Wakitazamana, basi mkuu wa kesi abaki yule, wao wawe mikono na miguu yake. Wakili asiyeogopa swali hilo ndiye wa kukaa naye.

Elfu tisa za mashemeji zirudishe. Leo, kwa heshima, lakini leo. Wakili mmoja kwa watu wawili walioshitakiwa kwa mtoto mmoja ni kamba moja kwa ndoo mbili. Utetezi wako wote ni kwamba yeye alifanya na wewe hukujua, au hukuweza. Utetezi wake unaweza kuwa hakufanya, au aliyefanya ni wewe. Huyo wakili atamuuliza nani maswali magumu? Na akilipwa na ndugu wa mume, unafikiri usiku akipiga simu atampigia nani? Kuhusu mahari: mjomba ana wazee, hilo litakaa barazani kambini na litamalizwa kwa maneno mengi na chai nyingi. Lako haliendi barazani. Kosa ulilotajiwa, wakisema ulijua na mtoto akaumia vibaya, huko Texas linaanzia miaka 5 na kufika 99 au maisha.

Sitaki uone natia chumvi, kwa hiyo nitakupa mfano mmoja ulioandikwa sana magazetini. Oklahoma, jirani zenu wa kaskazini, mwanamke anaitwa Tondalao Hall. Mwanaume wake aliwavunja mifupa watoto wao wadogo. Yeye hakudaiwa kuwagusa. Alikubali kosa la kuruhusu, mwaka 2006, akapewa miaka 30. Mwanaume naye alikubali kosa, akahesabiwa miaka miwili aliyokwisha kukaa rumande, akatoka. Soma tena sentensi hiyo kama unataka. Mawakili wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, wa Oklahoma walimsimamia bila malipo kutafuta punguzo, maombi yakagonga mwamba, wakarudi tena, mpaka Novemba 2019 gavana alipotia saini akatoka, akiwa amekaa ndani kama miaka 15. Na huko Tulsa, tangu 2017, kuna ofisi inayoitwa Still She Rises isiyotetea mtu mwingine ila akina mama, bure. Nakutajia ujue kwamba kazi hii ina watu wake na haikuanzia kwako. Ofisi hiyo ni ya Tulsa, haitavuka mpaka, lakini waulize mawakili wako kama wamezungumza na watu walioshika kesi za aina hii. Wakisema hawajui zipo, waambie watafute.

Naona na wewe ulikuwa tayari kukubali kosa, kama Tondalao.

Pendekezo la miaka minane ya uangalizi lina sura nzuri kwa mzaliwa wa Texas. Kwako wewe lina sakafu mbovu. Texas itasema hakuna hukumu. Uhamiaji hawaulizi Texas imeiitaje. Kwa sheria yao, ukisimama mbele ya jaji ukakiri kosa, na jaji akakuwekea masharti yoyote ya adhabu, hiyo ni hukumu tayari, hata kama miaka minane baadaye faili litafutwa. Na makosa ya kudhuru au kutelekeza mtoto yamo katika orodha ya yale yanayoweza kumwondoa nchini mwenye grini kadi. Mwaka 2010 baraza la rufaa la uhamiaji liliamua kwamba hata kumweka mtoto hatarini, bila ya yeye kuumia, kunaweza kuhesabiwa. Wa kwako ameumia.

Maana yake nini? Maana yake unaweza kusaini Jumatatu, ukarudi nyumbani ukala ugali, ukadhani yamekwisha, halafu baada ya miaka miwili ukaenda kuomba uraia wakakukamata dirishani. Na kuna la pili. Ndani ya miaka hiyo minane ukikosa sharti moja, jaji ana mamlaka ya kukurudisha kwenye adhabu yote ya kosa ulilokiri, si kipande chake. Mtu wa zamu ya usiku asiye na gari la kuaminika, mwenye miadi ya kila mwezi kwa ofisa. Hesabu mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 2010 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya Padilla, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukubali kosa kutamfukuzisha. Kwa hiyo muulize kwa sauti, wakili wako wa mahakama: nikisaini hii, uhamiaji watanifanyia nini? Akikujibu "huenda kukawa na athari," mwambie hilo si jibu, unataka wakili wa uhamiaji akae kwenye meza hiyo. Na hapa bure ya ghorofani ina thamani kuliko mahali popote, kwa sababu wewe una kesi tatu, si moja. Ya jinai, serikali inakupa wakili. Ya watoto, Texas inampa wakili mzazi asiye na uwezo anayepinga kunyang'anywa. Ya uhamiaji, ikifunguliwa, hakuna anayekupa mtu. Unasimama na Mungu wako. Waombe hao wapya waiandike kabisa kwenye mkataba wenu kwamba wamebeba na hiyo. Mpaka hapo, usijaze fomu ya uraia na usivuke mpaka hata kwa msiba.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikujibu wewe na kuacha barua nyingine kumi na moja mezani.

Sheria ya Texas haimfungi mama kwa kutojua. Kosa la kutotenda linahitaji alikusudia, au alijua, au aliiona hatari akaipuuza. Kupitiwa tu hakutoshi. Kwa hiyo kesi yako nzima imening'inia kwenye kitenzi kimoja, kujua, na kitenzi hicho ulikisema kwa Kiswahili, kikapita kwenye simu inayokatika, kikatokea upande wa pili kimevaa nguo nyingine.

Ulisema anamchapa. Mimi na wewe tunajua kuchapa ni nini: fimbo mbili za matako, mtoto analia, jioni anacheza. Kupiga ni pana zaidi. Kutesa ni jambo jingine kabisa. Mkalimani aliyezitia zote kwenye neno moja la Kiingereza hakusema uongo, alikuwa na haraka. Lakini juri litasikia kwamba mama alijua mtoto anateswa.

Ulisema nilimwacha na baba. Nimelitafsiri neno hilo mahakamani mara zisizohesabika na kila mara natoka jasho. Kumwacha mtoto na baba yake ni kumkabidhi. Kumwacha mke ni talaka. Kumwacha mtoto barabarani ni kumtupa. Aliyesikia kutelekeza alichagua mlango wa tatu.

Na kukanda. Hili naomba umwambie wakili wako mpaka alichoke. Mama gani kwetu hajakanda? Mtoto akiteguka unakanda, mzazi akijifungua anakandwa, mzee akilala vibaya unachemsha maji unachovya kitambaa. Kwenye karatasi ya polisi imekuwa mama alitibu ubavu uliovunjika. Ulikanda maumivu. Ubavu uliovunjika aliuona daktari kwa mashine miezi mitatu baadaye.

Kwa nini nakazania ubavu? Kwa sababu sheria hiyohiyo ya Texas ina mlango uliotengenezwa kwa wanawake kama wewe. Mshitakiwa wa kutotenda anaweza kujitetea kwamba alikuwa akipigwa na huyohuyo aliyeshitakiwa naye, kwamba yeye hakumuumiza mtoto, na kwamba kwa akili timamu hakuamini jitihada yake ingeweza kumzuia yule mtu. Lakini kuna kizingiti: kusiwe na ushahidi kwamba kabla ya siku ile alijua tukio la kuumizwa mtoto akakaa bila kuripoti. Ukisoma karatasi ya polisi, mlango umefungwa. Ukiisikiliza kanda kwa sikio la mtu aliyekulia kwenye Kiswahili cha Fizi na Nyarugusu, huenda uko wazi. Ndiyo maana nataka kanda, si karatasi. Wakili aiombe rekodi yenyewe, atafute mtafsiri mwenye sifa anayeijua lahaja yenu, aiandike upya yote pamoja na pale simu ilipokatika. Na mahakamani kwenyewe aombe mkalimani mapema kwa maandishi. Akiomba, jaji anatakiwa ateue mwenye cheti au leseni. Akiletwa mtu ukaona hamwelewani, nyoosha mkono. Usitikise kichwa kwa adabu. Kutikisa kichwa kwa adabu kumewafunga watu wetu, nimeona kwa macho yangu.

Meno nayo. Wanasema yanaonyesha ulijua. Nenda kwa daktari wa meno aandike yaling'oka lini na kwa nini. Mtafute kila aliyekuona umevimba: mwenzio wa kwenye laini, mama wa chumba cha kubadilishia nguo, nesi wa kiwanda kama yupo. Mwaka 2004 mahakama ya juu ya New York ilisema kwamba mama kupigwa mbele ya watoto, peke yake, hakumfanyi kuwa mzembe wa watoto wake. Hiyo ilikuwa kesi ya kunyang'anywa watoto, si ya jinai, na New York haiiamrishi Texas, lakini mawakili husomana.

Kesi ya watoto usiifanye ndogo ya ile kubwa. Ina saa yake. Sheria ya taifa ya mwaka 1997 inasema mtoto akikaa kwenye malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, serikali kwa kawaida inatakiwa iombe kukata haki ya mzazi, na Texas yenyewe inataka kesi iishe katika muda wa kama mwaka mmoja. Kesi ya jinai inaweza kuburuzwa zaidi ya hapo. Usikose saa yako hata moja ya kuwaona, hata ukitoka kwenye laini macho yamevimba. Madarasa wanayokupangia nenda. Ila kabla hujamweleza mshauri nasaha wao habari za usiku ule, muulize wakili wa jinai, maana keswaka anaandika na kalamu yake inafika mbali. Na mkienda kuonana, waongeleshe watoto Kiswahili. Wakikukataza, uliza nani amekataza na imeandikwa wapi, kisha mpe wakili jibu hilo.

Jumatatu, basi. Mpigie wakili wa mahakama umwambie hapana kwa pendekezo kwa sasa, mpaka wa uhamiaji aliseme lake. Mwambie kuna ofisi inataka kumsaidia. Wengi wao hufurahi, hawaoni wivu. Beba hati za mshahara zenye saa ulizopiga kadi kiwandani, ile ya Februari na za Novemba yote. Beba majina ya watu wa meno. Mkiwa wanne mezani, mlango umefungwa na mkalimani amekaa, mweleze ile mistari saba kama ulivyoniandikia mimi, bila kuipamba.

Barua hii usinijibu. Kesi ikiisha, niandikie.